Mtumishi wa Afya wa Mkataba Tabora: Hatua za Kufuata Kuomba Ajira ya Kudumu Serikalini

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mama mjamzito anayefikishwa usiku kwenye zahanati ya kijiji wilayani Sikonge au Kaliua haulizi kama muuguzi anayempokea ameajiriwa kwa masharti ya kudumu, yuko kwenye mkataba wa miezi sita au anajitolea. Anachohitaji ni mikono yenye ujuzi. Kwa muuguzi mwenyewe, hata hivyo, tofauti hiyo ni kubwa. Ndiyo inayoamua kama mwezi ujao atalipwa, kama akiugua atatibiwa kwa bima, na kama siku atakapozeeka atakuwa na pensheni.

Kazi ya muda si jambo geni Tabora. Katika karne ya 19, mji huu ulipokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walipatana ujira kwa safari. Msafara ulipofika mwisho wake, mapatano nayo yalikwisha. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye, kazi hiyo ilififia. Utumishi wa umma wa leo umejengwa juu ya msingi tofauti: mtumishi huingia kwa ushindani wa wazi, huthibitishwa kazini, hupanda madaraja na hustaafu kwa heshima. Makala haya yanaeleza namna mtaalamu wa afya aliye kwenye kazi ya muda anavyoweza kuifuata njia hiyo, na mahali ambapo wengi hukwama.

Nani ni mtumishi wa muda

Katika vituo vya afya vya mkoa huu wapo watumishi wa muda wa makundi manne. Kundi la kwanza ni wanaojitolea, ambao hupata posho ndogo au hawapati kabisa. Kundi la pili ni walioajiriwa kwa mkataba na halmashauri au kituo chenyewe, wanaolipwa kwa mapato ya ndani. Kundi la tatu ni walioajiriwa na miradi ya wadau wa maendeleo, hasa katika huduma za VVU, kifua kikuu na afya ya mama na mtoto. Kundi la nne ni wanaofanya kazi kwa mkataba katika hospitali za mashirika ya dini, ambazo mkoa huu unazo za siku nyingi, kama Nkinga wilayani Igunga, Ndala wilayani Nzega na Sikonge.

Kila kundi lina mwajiri wake na masharti yake, lakini yote yanafanana kwa jambo moja: ukomo wa kazi unajulikana au unaweza kuja ghafla. Mwezi Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wa miradi katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, walijionea jinsi mkataba unaotegemea fedha za nje unavyoweza kusitishwa bila kosa lolote la mtumishi.

Mkataba haugeuki wenyewe kuwa ajira ya kudumu

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hakuna idadi ya miaka ambayo, ikitimia, humfanya mtumishi wa mkataba au anayejitolea kuwa mtumishi wa umma wa kudumu. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, inataka nafasi za kazi serikalini zijazwe kwa ushindani ulio wazi. Mganga Mfawidhi, Mganga Mkuu wa Halmashauri au Mkurugenzi Mtendaji anaweza kuridhika kabisa na utendaji wa mtumishi wake wa muda, lakini kuridhika kwake hakumpi mamlaka ya kumwingiza kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Ili nafasi ijazwe, lazima kuwe na ikama, bajeti, kibali cha ajira, tangazo na usaili.

Hoja ya kuwapa kipaumbele wanaojitolea imesikika bungeni mara nyingi, na inaeleweka. Mtu aliyehudumia kijiji kwa miaka mitatu anakifahamu kijiji hicho kuliko mgeni. Hata hivyo, mwombaji asijenge mipango yake juu ya ahadi ya mdomo. Mwongozo wake uwe masharti yaliyoandikwa kwenye tangazo la nafasi anayoiomba. Kama tangazo limeeleza kipaumbele, atakidai kwa ushahidi. Kama halikueleza, atashindana na wengine kwa vigezo vilevile.

Tangazo linapatikana wapi

Kwa miaka kadhaa maombi ya kada za afya katika halmashauri yalipitia mfumo wa ajira wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Kwa njia hiyo zilitangazwa nafasi 7,612 za afya mwaka 2022 na nafasi 8,070 mwaka 2023. Tangu mwaka 2024 kazi hiyo inasimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yote hutumwa kupitia mfumo wake wa Ajira Portal kwa anwani ya portal.ajira.go.tz.

Badiliko hili lina maana kubwa kwa waombaji wa zamani. Aliyejisajili kwenye mfumo wa TAMISEMI asidhani kuwa taarifa zake zimehama zenyewe. Anapaswa kufungua akaunti mpya kwa kutumia Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA, kisha kujaza taarifa binafsi, elimu, mafunzo, uzoefu wa kazi na wadhamini. Kazi hii haifai kusubiri tangazo. Matangazo hubaki wazi kwa siku chache, na mtumishi aliye Ulyankulu au Kitunda, ambako mtandao unaweza kusumbua, akianza kupakia nyaraka siku ya mwisho anajiweka kwenye hatari ya kuachwa nje akiwa na sifa zote.

Nyaraka zinazotakiwa

Masharti ya kila tangazo husomwa kwa makini, lakini yapo yanayojirudia karibu katika matangazo yote. Mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko kazini serikalini. Aambatishe cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na mwanasheria au wakili, cheti cha kidato cha nne na cha sita kwa waliofika huko, pamoja na vyeti vya taaluma kuanzia astashahada, stashahada hadi shahada. Aambatishe pia maelezo binafsi yenye anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika.

Hati za matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kuhitimu hazikubaliwi mahali pa cheti. Sharti hili limewaangusha wengi waliomaliza chuo na kuanza kujitolea mara moja bila kurudi kuchukua vyeti vyao. Waliosoma nje ya nchi wanatakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika: NECTA kwa elimu ya sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati na TCU kwa vyuo vikuu.

Kwa kada za afya, cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Muuguzi anahitaji usajili na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Daktari na tabibu, Baraza la Madaktari Tanganyika. Mfamasia na mteknolojia dawa, Baraza la Famasi. Na mteknolojia wa maabara, Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Leseni iliyokwisha muda ni sawa na kukosa leseni. Mtumishi wa muda anashauriwa kuhuisha leseni yake hata katika miezi ambayo hana mkataba, kwa kuwa tangazo halimsubiri.

Barua ya maombi iwe imesainiwa na mwombaji mwenyewe. Huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, lakini haitumwi kwa posta. Inapakiwa kwenye mfumo pamoja na nyaraka nyingine.

Majina na uraia

Tatizo dogo linaloleta hasara kubwa ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na cheti cha chuo kina jina la mume. Wasailiwa ambao majina yao yanatofautiana hutakiwa kuwa na hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Mwenye tofauti ya majina aanze kuishughulikia sasa, kwa msaada wa wakili au ofisi ya mwanasheria wa halmashauri.

Mkoa wa Tabora una suala jingine la kipekee. Katika makazi ya Ulyankulu wilayani Kaliua wanaishi wananchi waliotokana na wakimbizi wa Burundi waliopokelewa mwaka 1972. Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia zaidi ya watu 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kijana wa makazi hayo aliyesomea uuguzi au utabibu akiwa raia ana haki sawa na Mtanzania mwingine ya kuomba kazi serikalini. Anachohitaji ni kuhakikisha kwamba nyaraka zake za uraia, cheti cha kuzaliwa na taarifa za NIDA zinasomana, na kwamba anazo nakala halisi. Penye dosari, aende ofisi ya Uhamiaji na ya NIDA ya wilaya mapema, kabla dosari hiyo haijaonekana mbele ya jopo la usaili.

Umri na hesabu ya pensheni

Sharti la miaka 45 ndilo linaloumiza zaidi watu waliokaa muda mrefu kwenye mikataba. Tuchukue mfano wa muuguzi mwenye miaka 43 ambaye amehudumu miaka minane kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kila mkataba ulipohuishwa alipata ahueni, na kila mara aliahirisha kuomba. Sasa amebakiwa na miaka miwili tu.

Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Anayeajiriwa akiwa na miaka 45 ana miaka 15 ya kuchangia, yaani miezi 180, na huo ndio muda wa chini wa uchangiaji ambao Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018 inautaka ili mwanachama apate pensheni ya uzeeni. Kwa hiyo kila mwaka unaopita bila mchango ni mwaka unaopungua kwenye uzee wa mtumishi. Katika mfuko huo wa PSSSF mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 15. Anayejitolea kwa posho hana mchango wowote unaoingia kwa jina lake.

Aliyekuwa akichangia NSSF kupitia mradi au hospitali binafsi asikimbilie kutoa michango yake mkataba unapokwisha. Sheria za hifadhi ya jamii zinaruhusu vipindi vya uchangiaji katika mifuko tofauti kujumuishwa. Miaka minne ya NSSF inaweza kuja kuwa ndiyo inayokamilisha miezi 180.

Kuhusu msamaha wa umri kwa walioko kazini serikalini, mtumishi wa mkataba asijihesabu kuwa yumo bila kuuliza. Apate maelezo ya Afisa Utumishi wa halmashauri yake, ikiwezekana kwa maandishi, kabla ya kuutegemea.

Uzoefu unasaidia wapi

Nafasi nyingi za afya zinazotangazwa ni za kuingilia kazini, kama vile Muuguzi Daraja la II, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II au Tabibu Daraja la II. Maana yake ni kwamba mtumishi mwenye miaka mitano ya kazi ya muda na mhitimu wa mwaka jana wataanzia daraja moja. Uzoefu haumrushi mtu ngazi.

Hata hivyo, uzoefu haupotei. Unaonekana kwenye usaili wa vitendo na wa mahojiano, pale jopo linapouliza namna ya kumhudumia mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au namna ya kutunza chanjo kwenye ubaridi sahihi mahali ambapo umeme hukatika. Aliyezifanya kazi hizo atajibu kwa utaratibu unaoeleweka. Ili uzoefu utambulike kwenye maombi, lazima uwe na karatasi. Mtumishi aombe barua ya kuthibitisha kazi inayoonesha kada, majukumu na tarehe za kuanza na kumaliza, iliyosainiwa na mamlaka husika na kupigwa mhuri. Kwa walioajiriwa kwa mkataba, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kutoa cheti cha utumishi ajira inapokoma. Ni haki ya mfanyakazi, naye asione haya kuidai. Ni rahisi kuipata barua hiyo wakati mradi ungali na ofisi kuliko baada ya ofisi kufungwa.

Mtumishi aeleze uzoefu wake kwa ukweli. Mwezi Aprili 2017 Serikali ilitangaza kuwa watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofanya kazi kwa miaka mingi. Uongo kwenye maombi humfuata mtu hata baada ya kuthibitishwa.

Usaili

Majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Asiyeona jina lake aingie kwenye akaunti yake, ambako mfumo huonesha sababu ya kutoitwa. Sababu hiyo ina thamani, kwa kuwa mara nyingi ni jambo linalorekebishika kabla ya tangazo lijalo: cheti kilichopakiwa mahali pasipo pake, leseni isiyosomeka au barua isiyosainiwa.

Usaili huanza kwa mtihani wa mchujo. Wanaofaulu huendelea na mahojiano, na kwa baadhi ya kada hufanyika usaili wa vitendo. Msailiwa afike na vyeti vyake halisi vyote, cheti halisi cha usajili wa baraza na leseni, pamoja na kitambulisho kinachokubalika. Nakala hazitoshi. Gharama za usafiri, chakula na malazi ni za msailiwa mwenyewe, hivyo anayeishi mbali aweke akiba tangu anapotuma maombi. Ahakikishe pia kuwa anwani yake ya makazi kwenye mfumo ni ya sasa, kwa sababu usaili unapofanyika mikoani, taarifa hiyo ndiyo huamua msailiwa anapangwa wapi.

Baada ya kufaulu

Anayefaulu hupangiwa kituo. Mtumishi wa muda ajiandae kwa uwezekano kwamba kituo hicho hakitakuwa kile alichokizoea. Muuguzi wa Igunga anaweza kupangiwa Ruvuma, na wa Mtwara akaletwa Uyui. Barua ya kupangiwa kituo ina muda wa kuripoti, na anayeuvuka bila taarifa anaweza kupoteza nafasi.

Kabla ya kuondoka, aage kwa utaratibu. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba umeeleza muda mrefu zaidi. Muda wa kuripoti ukiwa mfupi kuliko notisi, azungumze na mwajiri wake mara moja na makubaliano yaandikwe. Zahanati yenye wauguzi wawili ikiondokewa na mmoja bila taarifa, wanaoumia ni wagonjwa.

Katika halmashauri mpya atawasilisha vyeti halisi kwa uhakiki, atajaza fomu za ajira, za PSSSF na za bima ya afya, na taarifa zake zitaingizwa kwenye mfumo wa Serikali wa taarifa za kiutumishi na mishahara. Kisha huanza kipindi cha majaribio, kwa kawaida mwaka mmoja. Baada ya hapo, akiwa ametimiza wajibu wake, huthibitishwa kazini. Barua ya kuthibitishwa aitunze kama anavyotunza cheti cha taaluma, kwani itahitajika hadi siku ya kustaafu.

Maombi hayalipiwi

Kuomba kazi kupitia Ajira Portal ni bure. Hakuna ada ya fomu, ya kuitwa kwenye usaili wala ya kupangiwa kituo. Anayepigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa afisa na kuombwa fedha ili jina lake lipite, ajue kuwa ameangukia kwa tapeli au mla rushwa. Atoe taarifa TAKUKURU kwa kupiga namba 113 bila malipo.

Mkoa wa Tabora una wakazi zaidi ya milioni tatu, kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 76,000. Wananchi hao wanahitaji wataalamu watakaokaa, watakaowajua na watakaozeeka wakiwa kazini. Wengi wa wataalamu hao tayari wamo vituoni, wakisubiri mkataba mwingine uandikwe. Wasisubiri mkataba peke yake. Wiki hii kila mmoja wao anaweza kufanya mambo matatu: kufungua au kuhuisha akaunti yake ya Ajira Portal, kulinganisha majina kwenye vyeti vyake vyote, na kumwomba mkuu wa kituo barua ya kuthibitisha kazi aliyoifanya. Hivyo tangazo litakapotoka, atakuwa na jambo moja tu lililobaki: kutuma maombi.